Aliyeshika Ngazi

Harlan Park, Illinois
19 Oktoba

Dada Migdalia,

Naomba baraka zako, na uniombee za Mama pia kabla hujaanza kusoma, maana ukishaanza utasahau. Mimi ni mzima. Asubuhi baridi inang'ata masikio, lakini mchana bado tunafanya kazi na fulana. Goti la Mama linaendeleaje? Na kahawa mwaka huu? Mwambie Mama lile turubai juu ya chumba chake nitakuja kulitoa mwenyewe niweke bati jipya. Najua nasema hivyo tangu kimbunga. Nimeezeka nusu ya Illinois, na mama yangu analala chini ya turubai la buluu. Ukikutana na mtu anayetafuta mtoto wa mfano, usimpe anwani yangu.

Sasa usishtuke. Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu imechukuliwa na serikali.

Jumanne iliyopita tulikuwa watano tunaezeka nyumba moja Mtaa wa Sycamore. Saa nne asubuhi yakaja magari matatu yasiyo na alama, wakashuka watu waliofunika nyuso. Ni watu wa serikali kuu, wale wanaotafuta wasio na karatasi za kuishi huku. Chuy na wenzake wawili wakaruka uzio wa nyuma. Mimi nilikuwa chini, karibu na ngazi. Evaristo alikuwa juu ya paa.

Evaristo nimeshakwambia habari zake. Ni yule wa Guatemala niliyefanya naye kazi miaka sita, aliyenipa koti lake mwaka wangu wa kwanza huku, nilipokuja na koti la mvua nikidhani theluji ni mvua yenye maringo. Ameanguka, Dada. Askari mmoja alipanda, akamshika mguu, akauvuta, Evaristo akateleza mpaka kwenye maua ya mwenye nyumba. Nyonga imevunjika. Walimpeleka hospitali, kisha rumande.

Mimi walinifunga mikono, wakanikalisha kwenye chumba kwa muda wa saa tisa. Mmoja akaniuliza, "Umezaliwa wapi?"

"Adjuntas."

"Hiyo ni nchi gani?"

"Ni yenu," nikamwambia. "Mliichukua mwaka 1898, hamjairudisha."

Nilifikiri atacheka. Akaandika: amekataa kutaja nchi.

Waliniachia baada ya mtu mmoja kugundua kwamba Puerto Rico ipo, na kwamba sisi wa huko ni raia wao. Simu walibaki nayo. Majirani wakikuuliza, sema Abimael alisimama imara pale chini ya ngazi. Hilo si uongo.

Mdogo wako,
Abimael


Adjuntas
6 Novemba

Mdogo wangu Abimael,

Mungu akubariki, na Mama anasema hivyohivyo, akiongeza kwamba ule mboga. Goti lake sasa linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Kahawa imeiva yote kwa mpigo na wachumaji hakuna, wote wako huko kwenu wanaezeka. Jiko la shule limepata sufuria mpya. Mgongo wangu ni uleule wa zamani.

Barua yako niliisoma barazani kama kawaida, nikiwa na Mama, Mzee Toño wa duka la dawa, na Iraida jirani. Sasa sikiliza yaliyofuata. Ilipofika Ijumaa ulikuwa umesimama mbele ya ngazi, mikono umeitanua. Jumamosi, kwa kinyozi, ulikuwa umeshamsukuma mmoja. Jumapili padri kakutaja kanisani: mwana wa Adjuntas aliyewazuia wenye silaha kwa kifua chake. Mama alilia. Iraida akanipiga kiwiko.

"Hee, Migdalia! Kumbe ndugu yako ni mwanamume! Sisi tulidhani ni mwembamba tu."

Umeandika ulisimama imara. Imara ukifanya nini, hukuandika.

Binti wa Mzee Toño anayeishi Chicago anasema jimbo lenu limefungua ofisi ya kupokea malalamiko ya watu walioonewa na maaskari wa serikali kuu. Nenda, Abimael. Wewe una cheti cha kuzaliwa, unaweza kusema kwa sauti. Evaristo hawezi, na mkewe Jacinta akienda ataogopa hata mlango.

Dada yako,
Migdalia


Harlan Park
30 Novemba

Dada,

Baraka zako na za Mama. Mwambie mboga nakula: ndani ya kila hambaga kuna jani moja.

Nimekwenda kwenye hiyo ofisi. Fomu ina kurasa saba. Unajua niliacha shule darasa la nane, na lenyewe sikulimaliza. Palipoandikwa "Eleza ulichopoteza" niliandika: simu, nyundo, ile sumaku ya magurudumu ya kuokotea misumari, na chakula changu cha mchana, wali na maharage, hata sikuwa nimekifungua. Nikajaza ukurasa wote. Palipoandikwa "Eleza jinsi ulivyonyimwa haki zako" niliandika: ndiyo.

Mchunguzi wangu ni mama mmoja wa makamo, Bi. Dorota Plichta, anayevaa miwani shingoni zaidi kuliko machoni. Alisoma ukurasa wa chakula mpaka mwisho bila kucheka.

"Bwana Feliciano," akasema, "maharage hatuwezi kuyarudisha."

"Na simu?"

"Simu pia hatuwezi."

"Sasa mnaweza nini, Mama?"

Akaweka kalamu chini. "Kuandika. Ofisi hii haina uwezo wa kumfukuza kazi askari wa serikali kuu, wala kumfunga. Tunawaandikia, hawajibu. Tunawaita, hawaji. Lakini utakachosema hapa ukiwa umeapa kitakaa. Mahakama ikikihitaji, kipo, kina muhuri."

Yaani, Dada, jimbo zima hili na majengo yake marefu linaiandikia serikali barua na kukaa kungoja majibu. Nilijisikia nyumbani kabisa.

Kisha akanipa habari mbaya. Wale maaskari wameandika kwamba Evaristo aliipiga ngazi teke mwenzao alipokuwa anapanda, ili aanguke. Hilo ni kosa la kumshambulia ofisa wa serikali kuu. Kesi ni tarehe thelathini Machi. Akipatikana na hatia atafungwa miaka, na akimaliza atarudishwa Guatemala, na Jacinta atabaki huku na watoto watatu.

"Ulikuwa wapi askari alipopanda?" akaniuliza.

"Nyuma ya lori. Nilikuwa nasukuma sumaku, naokota misumari."

"Kwa hiyo ngazi hukuiona?"

"Si vizuri."

Akaandika. Tarehe kumi na mbili Machi ofisi itafanya kikao cha hadhara, na kila aliyelalamika ataitwa kusema mwenyewe. Mimi nitasema habari ya zile saa tisa na simu. Hiyo inatosha kwa mtu wa darasa la nane.

Abimael


Adjuntas
17 Desemba

Abimael,

Mungu akubariki. Tangu juzi Mama anatufungisha ndizi na nyama kwenye majani ya mgomba, vidole vyangu vyote vinanukia Krismasi. Waimbaji wameanza kugonga milango. Binamu yetu Nereida ameposwa tena, na mtu yuleyule.

Nimeziweka barua zako mbili mezani, moja kando ya nyingine. Ya Oktoba inasema ulikuwa chini, karibu na ngazi. Ya Novemba inasema ulikuwa nyuma ya lori. Mimi ni mpishi wa shule, si mwanasheria, lakini watoto mia tatu wananidanganya kila siku kuhusu nani amemwaga juisi, kwa hiyo nina uzoefu.

Leo nikiwa jikoni nimekumbuka jambo. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitoka nje nikamkuta Chago wa mtaa wa juu yuko kwenye mparachichi wetu, gunia limejaa, na wewe uko chini, umemshikia ngazi kwa mikono miwili.

Nikakuuliza, "Wewe! Unafanya nini na mwizi?"

Ukanijibu, "Sasa Dada, je, angeanguka?"

Marehemu Baba alikulea juu ya mapaa na somo lake lilikuwa moja: mtu akikanyaga ngazi, aliye chini anashika. Awe fundi, awe mgeni, awe nani. Mikono yako haiulizi, Abimael. Haijawahi kuuliza.

Sikuulizi kitu. Nimekumbuka tu.

Migdalia


Harlan Park
29 Januari

Dada,

Baraka. Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na sababu nyingi na zote ni theluji. Mapaa hayafanyiwi kazi sasa, nazoa theluji kwenye maegesho ya duka la samani. Mwanamume aliyewazuia wenye silaha kwa kifua chake aliteleza Jumatatu mbele ya watu, akakaa kwenye dimbwi. Mzee mmoja wa miaka themanini akamnyanyua.

Jacinta alikuja Jumapili na sufuria ya tamales, ule unga wa mahindi wanaoufunga kwenye majani, kunishukuru kwa kupeleka malalamiko. Anamtembelea Evaristo kila wiki.

"Anakusalimu," akaniambia. "Anasema nyonga inamuuma baridi ikizidi."

"Hakusema lingine?"

"Aseme lipi tena?"

Nilitaka kumwambia sistahili chakula chake. Nikala vipande vinne.

Juzi Bi. Plichta kaniita. Jirani wa upande wa pili wa Sycamore ana kamera mlangoni. Matawi ya mti yameficha karibu kila kitu, inaonekana sehemu ya chini tu. Akaniwekea picha mezani. Ngazi, na nyuma yake miguu ya mtu amesimama, ameipanua kama mtu anayekaza kitu kizito. Buti la kushoto lina doa jeupe la gundi ya paa kwenye pua, kama yai la kukaanga.

"Hizi buti za nani, Bwana Feliciano?"

"Buti ni buti tu, Mama. Waezekaji wote wanavaa hizo."

Na huku nasema hivyo, Dada, navuta miguu yangu chini ya kiti, polepole, kama kobe. Nilikuwa nimezivaa. Mwongo mwenye akili angalau angebadilisha viatu.

Akaangalia chini ya meza. Akaangalia dirishani. Kisha akasema, "Baba yangu alikuja kutoka Poland akawa mwezekaji. Alikufa na mgongo uleule wa waezekaji." Akakusanya karatasi zake. "Malalamiko haya ni yako. Siwezi kukuandikia hata neno moja. Lakini yule mtu aliyeko rumande hana shahidi mwingine, na hilo nimekwambia."

Wewe hujui waezekaji wa huku. Mwaka juzi mtu mmoja aliwaonyesha maaskari choo kilipo. Choo tu, Dada! Mpaka leo anakula peke yake garini.

Umekumbuka habari ya Chago. Yalikuwa maparachichi mazuri mwaka ule.

Abimael


Adjuntas
11 Februari

Abimael,

Mungu akubariki, ingawa leo nimelisema kwa kujilazimisha. Mama hajambo. Hiyo ndiyo habari yote ya nyumbani.

Nilijua tangu barua ya kwanza. Mtu aliyezuia watu haandiki "nilisimama imara", anaandika alivyowazuia. Nikanyamaza miezi minne, na nitakwambia kwa nini, ili usidhani mimi ni mtakatifu. Kwenye foleni ya mkate wananipisha. Mke wa kinyozi ananiita Dada wa Abimael. Nimeonja nikapenda. Kwa hiyo aibu hii ni yetu wawili, chukua nusu yako.

Ukisema, utakula peke yako garini. Usiposema, Evaristo anakwenda kufungwa kwa teke ambalo hakulipiga. Ngazi ulikuwa nayo wewe mikononi. Wewe ndiye unayejua kama ilitikiswa. Askari anasema ilitikiswa. Nani mwingine ataapa kwamba haikutikiswa? Maua ya mwenye nyumba?

Barua yako nyingine sitaisoma barazani mpaka iwe na kitu cha kusomwa.

Migdalia


Harlan Park
15 Machi

Dada,

Baraka. Nakuandikia nikiwa na kidole kimoja kimefungwa bendeji, nimejipiga nyundo. Kazi imeanza tena, nyundo bado ni ya kuazima.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa maktaba. Mbele walikaa watu watatu walioteuliwa na jimbo, mkubwa wao jaji mstaafu, mama mwenye kikohozi na macho ya kuchomoa misumari. Upande wa kulia waliweka meza kwa ajili ya serikali kuu: viti vinne, glasi nne, chupa nne za maji, kibao cha jina. Hakuna aliyekuja. Ile meza ilisikiliza mchana kutwa bila kuuliza swali, nikaionea wivu. Nyuma walijaa waezekaji, Chuy amekaa mbele yao na kofia magotini. Jacinta alikuwa mstari wa pili na mtoto mdogo.

Nilikuwa nimekariri. Nyuma ya lori, sumaku, misumari, saa tisa, simu. Niliapa, nikataja jina langu, na hapo spika ikaanza kupiga mluzi. Hakuna aliyesikia kitu. Akaja mfanyakazi wa maktaba, mtu mzito kidogo, akafungua ngazi ya kukunja kando ya kiti changu, akaanza kupanda kwenda kwenye spika ukutani.

Dada, nakuapia sikufikiri. Niliposhtuka nilikuwa nimeshasimama, nimeacha maikrofoni, nimeikamata ile ngazi kwa mikono miwili, mguu mmoja kwenye kipandio cha chini. Ukumbi mzima unaniangalia. Nyuma nikamsikia Chuy, "Ay, Abimael," taratibu, kama mtu aliyeona gari linarudi nyuma bila dereva.

Yule mtu akamaliza, akashuka, akanishukuru. Nikarudi kitini. Jaji akakohoa.

"Bwana Feliciano, hufanya hivyo kila mara?"

"Kila mara, Mheshimiwa. Ni kazi."

"Kwa mtu yeyote?"

Bi. Plichta aliinamia karatasi zake kama mtu anayesali. Nikamwona Jacinta. Alikuwa anamfunga mtoto kamba ya kiatu, hakuwa hata akiniangalia, aliniamini hivyo tu. Hapo nikachoka. Nimebeba vigae vya paa miaka kumi na minne, sijawahi kuchoka vile.

Nikasema, "Kwa mtu yeyote. Hata kwa yule askari."

Nikawaeleza yote. Kwamba sikuwa nyuma ya lori. Kwamba ardhi ilikuwa laini, askari akakanyaga, ngazi ikaanza kwenda upande, na mikono yangu ikaishika kabla kichwa hakijafika. Kwamba niliishika mpaka alipofika juu, na haikutikiswa hata unywele, wala Evaristo hakuigusa, alikuwa amepiga magoti mbali na ngazi, mikono juu. Aliyevuta mguu ni askari. Na kwa kuwa nilikuwa nimeapa kusema ukweli wote, nikawaambia na lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata wewe: nilimwonya. Nilimwambia, "Angalia kipandio cha tatu, kinateleza." Akaniambia asante.

Halafu mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa.

Nje, Jacinta alipita mbele yangu akimvuta mtoto. Chuy akanikabili.

"Ulimwonya, wewe?"

"Nilimwonya."

"Kipandio cha tatu?"

"Kinateleza kweli, Chuy, unakijua."

"Mimi kile kilinivunja jino, hukuniambia kitu!" Akavaa kofia. "Haya jamani, siku nikija kukamatwa, mwiteni Abimael kwanza, serikali isije ikaumia."

Tangu siku hiyo wananiita Fundi wa Serikali. Mchana nakula garini. Gari ni la Chuy, naye anakula nje.

Bi. Plichta amepeleka maneno yangu kwa wakili wa Evaristo, yakiwa na muhuri. Hii hapa, Dada, kama unataka kitu cha kusomwa.

Abimael


Adjuntas
27 Machi

Mdogo wangu,

Mungu akubariki, na safari hii halikunikwama kooni.

Nimeisoma barazani, yote. Nilikuwa nimefikiria kuruka kile kipandio cha tatu, nikakisoma mara mbili. Mzee Toño alicheka mpaka meno yakamtoka, yale ya kununua. Iraida akasema, "Nilijua! Yule mwembamba!" Padri alikuwepo, akauliza sasa Jumapili atasema nini. Nikamwambia, "Sema ulikosea, Padri, wenzako wote tunakosea siku za kazi." Hajapenda.

Mama hakucheka. Alisubiri mpaka wote walipoondoka, kisha akaniuliza, "Na ngazi haikuyumba?"

"Haikuyumba, Mama."

"Alikuwa anashika vizuri," akasema, akaenda kulala.

Kwenye mkate sasa napanga foleni kama watu wengine. Nangoja tarehe thelathini na moyo uko mdomoni. Usichelewe kuandika, theluji imekwisha, sababu huna.

Migdalia


Harlan Park
8 Aprili

Dada,

Baraka zako na za Mama.

Mashtaka ya teke yamefutwa. Siku tatu kabla ya kesi, mwendesha mashtaka aliandika mstari mmoja kwamba hataendelea. Hakusema kwa nini. Ile kesi ya karatasi zake bado ipo, lakini jaji amesema aingoje akiwa nyumbani, si rumande. Ofisi ya jimbo imetoa ripoti nene, mimi nimo ukurasa wa arobaini na moja. Serikali kuu haijaijibu.

Nilikaa siku nne bila kwenda kumwona Evaristo. Ya tano nikavaa shati safi nikaenda. Jacinta alinifungulia, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Futa miguu," akarudi jikoni. Evaristo alikuwa kwenye kochi na magongo yake, amekonda, anaangalia mpira.

"Nimekuja kuomba radhi," nikamwambia.

"Kaa kwanza, unaniziba."

Nikakaa. Tukaangalia mpira. Sikumjua hata mmoja wa wachezaji.

"Evaristo, mimi ndiye niliyemshikia yule mtu ngazi."

"Najua."

"Jacinta amekwambia."

"Jacinta ameniambia Machi. Mimi nilikuwa juu, bwana. Niliiona kofia yako tangu ameanza kupanda. Nilikusikia mpaka habari za kipandio cha tatu."

Dada, masikio yaliniwaka. Nikamuuliza kwa nini sasa hakumwambia wakili. Angesema tu kwamba Abimael alikuwa na ngazi mikononi, wangenitafuta, wangenibana, yangekwisha mwaka jana.

"Aliniuliza kila wiki. 'Nani alikuwa chini? Nani alishika?' Nikamwambia, aliyeshika atajitaja mwenyewe."

"Ukiwa na nyonga imevunjika? Miezi mitano, Evaristo!"

"Ah, nilidhani wiki mbili." Akanyanyua mguu wake mbaya kwa mikono yote miwili, akaulaza juu ya mto, akarudisha macho kwenye mpira. "Sikujua kama wewe ni mzito hivyo."

Mto ukaanza kuteleza, nikaushika kwa mikono miwili, tukaangalia mpira mpaka mchezo ukaisha na wachezaji wakaenda zao.

Mdogo wako,
Abimael